Akiba Isiyooza: Historia Fupi ya Kitoweo cha Samaki

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Wahenga hao hao walisema tena kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Ziweke methali hizi mbili bega kwa bega, msomaji wangu, nawe utaona kwamba hazipatani. Ya kwanza yafaa kinywani mwa mkulima, ambaye mtama wake hukaa ghalani tangu mavuno hata mavuno. Ya pili ni kilio cha mvuvi, ambaye mali aliyoitoa majini alfajiri huanza kunuka kabla ya jua kuchwa. Mkulima aweza kungoja bei nzuri, mvuvi hawezi. Katika tofauti hiyo imefichwa historia kubwa ya watu wakaao kando ya Ziwa Victoria, na hasa wa Homa Bay na Migori, nayo ndiyo ninayotaka tuitazame pamoja.

Historia haikai katika habari za wafalme na vita peke yake. Hukaa chunguni pia. Ingia katika duka la vyakula mjini Migori utazame rafu: utaona kopo dogo la mviringo lenye samaki aitwaye jodari, aliyevuliwa katika bahari ya mbali. Toka nje uende sokoni, utamkuta mama ameketi mbele ya fungu la omena wakavu, akiwapima kwa gorogoro. Na gorogoro lenyewe ni nini? Ni kopo lililomaliza kazi yake ya kwanza likapewa ya pili. Wanafunzi wengi, wakiulizwa lipi kati ya haya mawili ni maendeleo, hunyosha kidole kuelekea rafu ya duka. Mwanahistoria hafanyi haraka hivyo. Yeye huuliza maswali matatu. Samaki huyu alivuliwa na nani? Alizuiwaje kuoza? Na baada ya kuzuiwa kuoza, ni nani aliyemla, na ni nani aliyepata faida?

Kwanza yafaa tujue adui tunayepigana naye. Samaki akifa, vimeng'enya vya mwili wake huanza kuilainisha nyama yake, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huingia kazini. Vijidudu hivyo vyataka maji na joto, na nchi za kando ya ziwa letu zina vyote viwili kwa wingi. Basi binadamu, popote alipo, amekuwa na njia chache tu za kupigana navyo: kuyaondoa maji kwa jua au kwa chumvi, kumpitisha samaki katika moshi, kumtia katika baridi kali, au kuviua vijidudu kwa moto na kisha kuvifungia mlango visirudi. Kila taifa lilichagua njia yake kwa kadiri ya vitu vilivyokuwapo karibu.

Katika nchi yetu vita hivi ni vya kale sana. Katika bonde la Mto Kuja, mahali paitwapo Gogo, katika kaunti ya leo ya Migori, wataalamu wa mambo ya kale walichimba katika miaka ya 1980 wakakuta vigae vya vyungu pamoja na mifupa ya samaki, ya wanyama wa porini na ya mifugo, masalio ya watu walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita. Kando ya ziwa katika nchi ya Homa Bay yameonekana pia majaa ya kale ya makombe ya konokono wa majini na mifupa ya samaki. Watu hao hawakutuachia maandishi hata neno moja. Walituachia mabaki ya mlo wao, na kwa mabaki hayo twajua kwamba samaki alikuwa chakula cha nchi hii zamani sana kabla ya makabila ya leo kufika na kujipa majina yao.

Waluo walipokaa kando ya ziwa waliendelea na kazi hiyo kwa mitego ya matete, vikapu na ndoana. Katika majira ya mvua samaki aitwaye ningu hupanda mito kwenda kuzaa, na watu humngoja kwenye mikondo kwa mitego. Waliovuliwa wengi kuliko haja ya siku hiyo walipasuliwa, wakatandazwa, wakaanikwa juani. Samaki wa namna hiyo huitwa obambla. Mtu wa Lamu au wa Mombasa akimwona hatamshangaa, kwa maana yeye naye ana ng'onda wake, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa vivyo hivyo pwani. Watu wawili wasiopata kuonana waliletewa swali moja na jua moja, wakatoa jibu moja. Na kazi ya kukausha aghalabu ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mume alivua, lakini mke ndiye aliyemfanya samaki kuwa akiba. Samaki mkavu aliweza kubebwa kichwani hata masoko ya bara, akabadilishwa kwa nafaka. Yule aliyejua kukausha, basi, ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana kopo lile la dukani nalo lina wazazi. Mwisho wa karne ya 18 Ufaransa ilikuwa vitani na jirani zake, na askari na mabaharia wake waliteseka kwa kukosa chakula kizuri. Serikali ikatoa ahadi ya zawadi kwa mtu atakayebuni njia bora ya kuhifadhi chakula. Mpishi wa vyakula vitamu, Nicolas Appert, alifanya majaribio kwa miaka mingi: alitia chakula katika chupa, akaziba kwa kizibo, akachemsha chupa nzima majini. Mwaka 1810 alipewa faranga 12,000, akachapisha maarifa yake katika kitabu. Mwaka huo huo Peter Durand alipata hati ya uvumbuzi huko Uingereza, iliyotaja pia vyombo vya bati, na miaka michache baadaye karakana ya London ikaanza kuuza makopo kwa majeshi ya Uingereza. Angalia jambo moja la ajabu: Appert hakujua sababu ya ushindi wake. Ilibidi kungoja uchunguzi wa Louis Pasteur, nusu karne baadaye, kueleza kwamba ni vijidudu vilivyouawa na moto. Tena makopo ya kwanza yalifunguliwa kwa nyundo na tindo. Hati ya kifungulio cha kopo ilitolewa Marekani mwaka 1858 tu. Binadamu aweza kutenda kabla ya kuelewa, na aweza kufunga kabla ya kujua kufungua!

Jodari hakuwa wa kwanza kuingia koponi. Dagaa wa bahari ya Ufaransa walimtangulia. Huko California, Marekani, mwaka 1903 dagaa waliadimika, na mwenye kiwanda mmoja akajaribu kujaza makopo yake kwa jodari, samaki ambaye watu wengi wa huko hawakumthamini. Nyama yake ilipopikwa ikawa nyeupe, watu wakaipenda, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaongeza haja ya chakula kisichooza. Tangu siku hizo jodari wa kopo amezunguka dunia nzima. Katika Bahari ya Hindi, jirani zetu wa Shelisheli walifungua kiwanda cha jodari mwaka 1987 katika mji wao mkuu, uitwao Victoria, jina lile lile lililopewa ziwa letu.

Turudi basi ziwani. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na bandari ndogo kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Mnamo mwaka 1905 nyavu za kitani za kutega zilianza kutumika katika ghuba iitwayo leo Winam. Wavu huo ulimnasa ngege kwa wingi ambao mtego wa matete haukuota kuupata. Kwa nini watu walitaka samaki wengi namna hiyo? Kwa sababu reli na mji vilikuwa vimeleta mnunuzi mpya: mfanyakazi wa mshahara, asiye na mashua wala shamba, aliye tayari kulipa fedha. Haikuchukua hata miaka 25 kabla ngege hawajaanza kupungua. Serikali ya kikoloni ikamwita mtaalamu, Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Akashauri kwamba matundu ya wavu yasipungue inchi 5, ili samaki wadogo wapite wakakue. Sheria ikawekwa, lakini wavuvi walipokosa wakubwa waliwafuata wadogo kwa siri, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 sheria hiyo ilikuwa imeachwa.

Hapo ndipo alipoingia mgeni mkubwa. Katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, na baadaye kidogo upande wa Kenya, alitiwa ziwani samaki ambaye Waluo humwita mbuta na ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Mbuta aweza kupita kilo 100, na chakula chake ni samaki wenzake. Kwa muda wa miaka 20 hivi alionekana haba. Kisha, karibu na mwaka 1980, alienea ghafula. Fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina waliokuwa kitoweo cha maskini, walitoweka kwa wingi, na aina nyingi hazijaonekana tena. Tafakari mabadiliko yaliyofuata jikoni. Fulu alikuwa mdogo, akakauka juani bila gharama. Mbuta ni mkubwa na mwenye mafuta mengi. Jua peke yake halimtoshi, yambidi abanikwe kwa moshi. Moshi wataka kuni, na kuni zatoka mitini. Hivyo kubadilika kwa samaki majini kulikata miti nchi kavu. Mambo ya historia yameshikana mikono kama watoto katika mchezo: ukimvuta mmoja, wote hutikisika.

Na bado mvuto mkubwa kuliko huo ulikuwa njiani. Katika miaka ya 1980 viwanda vilijengwa Kisumu na katika miji mingine ya Nyanza kwa ajili ya kukata minofu ya mbuta, kuigandisha na kuipeleka ng'ambo. Huu ulikuwa uhifadhi wa namna mpya: baridi. Jua ni la kila mtu, na moshi waweza kufanywa na kila mwenye kuni. Lakini barafu yataka mtambo, umeme, gari na mtaji. Lori lenye barafu lilifika ufuoni, likanunua samaki wazima, likaondoka. Wanawake wengi waliozoea kununua samaki kwa mvuvi na kuwakausha walijikuta wakisimama nyuma ya foleni. Wengine walibaki kununua mifupa iliyokwisha kukatwa minofu, iitwayo mgongo wazi, yenye kichwa na nyama kidogo, wakaikaanga na kuiuza. Na palipokuwa na uhaba wa samaki, wapo wanawake waliodaiwa na wavuvi malipo yasiyo ya fedha, malipo ya kuvunja heshima yao, na maradhi yakafuata. Jambo hili si la kusimulia kwa mzaha. Ni jeraha la pwani zetu. Nimelitaja ili ujue kwamba swali la nani atahifadhi samaki si swali la kupika tu. Ni swali la nani atasimama wima na nani atapiga magoti.

Ni kweli pia kwamba minofu iliingiza fedha za kigeni, na watu wengi walipata ajira. Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kuficha upande mmoja wa shilingi. Lakini fedha ya mteja mmoja ni kamba nyembamba. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilipozuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, viwanda vilitikisika mara moja. Na karibu na miaka hiyo hiyo gugu maji lilitanda katika ghuba, likafunga fuo za Homa Bay na Kendu Bay hata mashua zikashindwa kutoka. Kenya, kumbuka, ina sehemu ndogo tu ya ziwa hili, kama sehemu 6 katika kila 100. Uganda na Tanzania ndizo zenye maji mengi. Ndiyo maana hata mwamba mdogo wa Migingo, ambao Kenya yahesabu kuwa sehemu ya Migori, umeleta ugomvi na Uganda.

Katika misukosuko hii yote samaki mmoja mdogo hakuondoka mezani. Huyo ni omena. Urefu wake haupiti kidole cha mtu mzima. Huvuliwa usiku usio na mbalamwezi: wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi mara nyingi taa za umeme wa jua, omena wakakusanyika penye mwanga, na wavu ukawazunguka. Ukisimama usiku ufuoni Mbita au Muhuru utaona taa hizo zimetanda kama mji ulioelea. Asubuhi akina mama huwaanika juani. Na kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wake hufungwa upande wa Kenya ili apate kuzaliana, wazo ambalo Graham angelitambua mara moja. Lakini omena naye ana mitihani yake. Akianikwa mchangani na mvua ikanyesha, huharibika, na aliyeharibika huuzwa rahisi kuwa chakula cha kuku. Hata aliye mzuri, sehemu kubwa huishia katika viwanda vya chakula cha mifugo. Kichanja cha miti na wavu mkuukuu, kilichoinuliwa kutoka ardhini, chaweza kumwokoa na mchanga na kumkausha upesi. Huo nao ni uvumbuzi, ijapokuwa hakuna serikali iliyoutolea faranga 12,000.

Sasa tuingie jikoni, maana mwenye kusoma habari za chakula bila kujua kukipika ni kama mwenye kusoma ramani bila kuondoka nyumbani. Ukiwa na kopo la jodari, kumbuka kwamba samaki huyo amekwisha kuiva ndani ya kopo lake. Moto wa kiwandani ndio uliomlinda. Basi kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya mbili na chumvi, acha zirojeke, kisha mtie samaki mwisho kabisa, umpashe moto tu bila kumkoroga sana, asije akawa unga. Kula kwa ugali na mboga za majani. Usinunue kopo lililovimba hata likiuzwa rahisi namna gani, kwa sababu uvimbe waweza kuwa dalili kwamba vijidudu vinaishi ndani, na sumu yao yaweza kuua.

Ukiwa na omena, kazi ya kiwanda yakungoja wewe. Wachambue uondoe mawe na majani. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe. Wachuje, uwakaange mpaka wakauke, ndipo utie kitunguu na nyanya. Wapishi wengi wa Nyanza huongeza maziwa kidogo mwishoni, na mchuzi huwa mzito na mtamu. Ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo wamfaa kuliko ugali mweupe, au ndivyo wanavyoshikilia wazee. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto madini ya kujenga mifupa ambayo mnofu wa jodari usio na mfupa hauna kwa kiasi hicho. Utaona basi kwamba katika sufuria hizi mbili tofauti si ya maendeleo na ushamba. Katika ya kwanza, umelipa watu wa mbali wakufanyie kazi ya kuhifadhi, na malipo yako yamekwenda kwao. Katika ya pili, kazi imefanywa na mama wa Karungu au wa Sindo, na malipo yamebaki huko.

Sikuambii ulichukie kopo. Kopo ni rafiki wa msafiri, wa mgonjwa, wa mwalimu anayerudi nyumbani gizani, na kwa hakika ni miongoni mwa akiba bora alizopata kubuni binadamu. Nakuambia tu ujue lilikotoka. Taifa lisilojua kuhifadhi chakula chake litakiuza kibichi kwa bei ya yule mwenye barafu, kisha litanunua cha wenzake kilichofungwa vizuri. Tangu miaka ya 2010 watu wameanza kufuga samaki katika vizimba ndani ya ziwa, Homa Bay ikiwa miongoni mwa mahali hapo, na wapo wanaojaribu vikaushio vya jua vyenye paa, visivyoogopa mvua. Kazi hizo zataka vijana wanaojua sayansi ya vijidudu, hesabu ya biashara, na historia ya pwani yao. Kwa nini asiwe wewe?

Kwa hiyo nakupa kazi, msomaji wangu, wala haihitaji maktaba. Mwulize bibi yako, au mzee yeyote wa kike wa kijijini kwenu, ni samaki gani aliokuwa akikausha alipokuwa msichana, aliwakausha kwa njia gani, na aliwauza wapi. Yaandike majibu yake kwa tarehe na majina ya mahali. Kisha mwulize ni lini aliacha, na kwa nini. Fanya hivyo mapema, kwa maana kumbukumbu za watu nazo ni kama samaki: zisipohifadhiwa na mtu, huharibika, na jioni ikifika hakuna wa kuzinunua.